Mwenyekiti Aliyejua Bei ya Miguu

Hakuchaguliwa na mtu. Wapo wanaodhani uenyekiti ule ulitokana na kura za wanachama wa tawi la mashabiki wa mpira, lakini mimi nilikuwepo. Siku moja alikuja na kiti chake cha plastiki kutoka nyumbani, akakiweka mwanzoni mwa benchi lililo nje ya mashine ya kusaga, wenzake wakiwa wamebanana kwenye ubao, na kuanzia hapo akaitwa Mwenyekiti. Hata mke wake alikuja kumwita hivyo mbele za watu.

Cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza hiyohiyo, hapo Nyakato, karibu kabisa na kiti chake. Nimeshona sare za shule na majoho ya kwaya kwa miaka mingi nikisikiliza mdomo wake. Sikuwa na namna ya kutosikiliza. Mashine ikisaga, alipaza sauti ili aishinde. Mashine ikizimwa, sauti ilibaki hukohuko juu.

Kwao ni wapi, alizaliwa na nani, sijui vizuri na sikuuliza. Nilichokijua ni kazi yake. Alikuwa msimamizi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, upande wa kupanga madaraja. Kazi yake ilikuwa kubonyeza mnofu kwa kidole gumba, kuutazama ukirudi au usirudi, kisha kusema huu uende Ulaya, huu ubaki hapa, huu utupwe. Aliifanya kazi hiyo vizuri, nasikia, na kiwandani walimheshimu. Tatizo ni kwamba alitoka nayo getini. Alikuwa akibonyeza watu. Kijana wa mtaani akipita na bukta, Mwenyekiti alimwita, akamshika paja, akalibonyeza kwa gumba lile lile, na kumwambia, "Wewe bado. Kula ugali." Au, "Wewe umeshachelewa." Vijana walicheka. Mimi nilikuwa nikitazama lile gumba, ukucha wake mrefu na mweupe kwa kulowa maji ya barafu.

Alipenda karanga za kuchemsha. Maganda yake aliyatema. Siyatii chumvi haya: aliyatema popote palipoelekea mdomo wake, na mara nyingi ulielekea kwangu. Niliwahi kumaliza joho jeupe la mwimbaji wa kwaya, nikalitandaza juu ya meza nipige pasi, nikakuta limepambwa maganda. Nilimwambia, "Mwenyekiti, hiki ni kitambaa cha watu." Akayapangusa kwa kiganja, akaacha doa, akaendelea na habari ya beki wa kati.

Basi mtu ambaye hajawahi kukaa jirani na kijiwe cha mpira atauliza, kwani wanazungumza nini kiasi cha kumchukiza mtu? Watu wa mpira si wanataja magoli? Nami zamani nilidhani hivyo. Magoli yanazungumzwa siku moja baada ya mechi. Siku zilizobaki zote ni biashara. Nani mkataba wake unakwisha, nani ameomba nyongeza, nani auzwe, nani aachwe, nani apewe mguu nje na nani mguu ndani. Lilipofunguliwa lile dirisha dogo la usajili, katikati ya msimu, Mwenyekiti aliomba likizo kiwandani. Mke wake alikuwa mgonjwa wa miguu na hakuwahi kuombewa likizo. Dirisha dogo liliombewa.

Katika siku zile benchi lilijaa hadi watu wakakaa juu ya magunia ya mahindi. Wale wazee kwa vijana, wengi wao hawana mkataba wa kazi yoyote, walikaa kuanzia asubuhi wakiuza binadamu kwa mdomo. Maneno yao yalikuwa ya sokoni kabisa. Mzigo. Mali. Amechuja. Ameoza. Huyu tulipigwa. Mchezaji mmoja alifiwa na mtoto, akacheza vibaya mechi kadhaa, na benchi zima likakubaliana kwamba klabu imwache kabla mkataba haujajiongeza. Mwenye mashine, mzee wa Kisukuma mwenye maneno machache, ndiye peke yake aliyesema, "Lakini amefiwa jamani. Mpila utachezwaje na mtu aliyefiwa?"

Mwenyekiti akamjibu, "Huruma ipeleke kanisani. Mchezaji ni mkungu wa ndizi. Ukichelewa kuuza, unakuivia mikononi."

Alikuwa na misemo mingi ya namna hiyo, na watu waliichukua wakaenda kuitumia kwingine kana kwamba ni hekima.

Lakini nisimfanye kuwa jiwe. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa jiwe. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ndugu zake wa ng'ambo ya ziwa walipomletea ndoo, hakuwahi kula bila kunigawia, na alinigawia wale waliokwisha kukaangwa, si wa kwenda kuhangaika nao kunyonyoa. Nilipougua malaria, alikuwa akiniingizia cherehani ndani kila jioni na kuifunika. Hakuniambia, niliambiwa na mwenye mashine. Alikuwa mwepesi wa kwenda kumwona mgonjwa. Aliingia kwenye nyumba ya mtu akiwa na sukari na mafuta, akakaa, akauliza, akasikiliza, kisha akainamisha kichwa na kuomba sala fupi nzuri isiyo na makelele. Nyumbani kwake hasemi. Mke wake aliniambia siku moja, "Huyu nyumbani ni bubu. Maneno yote anawaachia ninyi huko barazani." Kubashiri mechi aliona ni dhambi. Kijana akija na mkeka wake wa kubeti, alimfukuza: "Kamari hapana. Hapa ni mpira tu."

Kwa hiyo alikuwa mtu mwema mwenye mdomo mchafu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa muda mrefu. Ndivyo ilivyokuwa hadi yalipotokea ya Masanja.

Masanja alikuwa mtoto wa mtaa wetu. Mama yake alikuwa mteja wangu na rafiki yangu, mama mjane aliyekuwa akikaanga na kuuza samaki karibu na kituo cha daladala. Kijana alikuwa winga wa kushoto, mwembamba, mbio zake za ajabu. Alianza na timu ya mtaa, akachukuliwa na timu ya mkoa wetu inayocheza ligi kuu, na hapo benchi letu likapata mwanawe wa kujivunia. Kila mtu akadai ndiye aliyemwona kwanza. Mwenyekiti alidai zaidi ya wote, na yeye angalau alikuwa na haki kidogo, maana viatu vya kwanza vya Masanja vilitokana na mchango alioupitisha yeye.

Msimu ule Masanja aling'aa. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi michache, na ikasikika kwamba timu moja kubwa ya Dar inamtaka hilo dirisha dogo. Benchi likagawanyika. Wengine walisema asiuzwe, yeye ndiye timu yenyewe. Mwenyekiti alisema auzwe, tena haraka.

"Akimaliza mkataba ataondoka mchezaji huru," alisema. "Tutabaki na nini? Picha?"

"Si aongezewe mkataba hapahapa," mmoja akasema.

"Kwa mshahara gani? Atataka wa Dar. Na anastahili? Mimi nasema hivi, bei yake haitapanda tena. Hapa ndipo mwisho. Uza."

"Mwenyekiti, kijana ana miaka ishirini na ushee. Mwisho gani huo?"

"Nimesema uza."

Yalikwenda hivyo siku nzima, kesho yake tena, na keshokutwa. Masanja mwenyewe akipita kwenda mazoezini, walinyamaza, wakamsalimia kwa furaha, "Winga wetu!" Akishapita tu, bei ikaendelea. Mama yake alikuja kwangu akiwa amebeba kitambaa cha kitenge, akanong'ona kwamba mambo ya Dar yanaelekea vizuri, wakala ameshapiga simu, bado vipimo vya afya na saini. Alitaka nimshonee gauni la kwenda kumsindikiza. Alinichagulia mtindo wa mikono mipana. Sikuwa nimewahi kumwona akichagua mtindo, siku zote alikuwa akisema, "Shona tu, Fundi."

Kulikuwa na kipindi cha michezo kwenye redio moja ya hapa mjini, jioni, wasikilizaji wanapiga simu. Jioni ile mada ilikuwa Masanja. Mwenyekiti alipiga, akapata laini. Benchi likanyamaza, na mwenye mashine akazima mashine yake kwa heshima. Nilimsikia Mwenyekiti mara mbili, pale barazani na kwenye redio iliyokuwa juu ya dirisha, sauti ya redio ikichelewa kidogo. Akatoa hoja yake ya siku zote, kwamba auzwe haraka. Kulikuwa na msikilizaji mwingine kwenye laini, mtu wa kata ya Ilemela, mwenye maneno ya kejeli. Akamwambia Mwenyekiti kuwa watu wa Nyakato hawajui mpira, wanajua harufu ya samaki. Hapo benchi zima likaguna.

Nilimwona Mwenyekiti akisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika, kama wa mtoto aliyenyang'anywa kitu mbele ya wenzake.

"Mimi najua ninachokisema," akasema kwenye simu. "Wewe humjui yule kijana. Mimi naingia kwao. Goti lake la kushoto linavimba baada ya kila mechi. Mama yake anamkanda kwa maji ya moto na chumvi ndipo alale. Sasa niambie, goti hilo litafika msimu ujao? Ndiyo maana nasema auzwe mapema. Jibu hilo."

Yule wa Ilemela akakata simu. Mtangazaji akasema hiyo ni habari mpya kabisa. Benchi lilimpigia Mwenyekiti makofi. Akakaa chini, akachukua karanga.

Mimi mguu wangu ulikuwa umesimama juu ya pedeli. Nilikuwa nashona gauni la kitenge.

Asubuhi iliyofuata mama Masanja alikuja. Hakuja kwangu. Alisimama mbele ya benchi, amejifunga khanga kiunoni, mikono bado ina unga wa kukaangia samaki. Hakusalimia, na yeye si mtu wa kutosalimia.

"Mwenyekiti," akasema, "habari ya goti nilikwambia mimi. Nilikwambia ukiwa ndani kwangu, nikiwa mgonjwa, baada ya kuniombea. Nilikwambia ili umwombee na mtoto."

Mwenyekiti akavua kofia. "Mama, shida ni nini?"

"Wakala amepiga simu usiku. Ameuliza kama ni kweli. Wa Dar wamesema wasubiri kwanza."

"Hayo ni mambo ya usajili, mama. Yanapanda yanashuka. Usiyaweke moyoni. Mimi nilikuwa namtetea ili auzwe haraka."

"Ulikuwa unamtetea?"

"Kabisa. Hata hawa mashahidi."

Akawageukia wenzake. Wale wanaume walitazama vikombe vyao vya chai. Nilikuwa nasubiri mmoja wao, mmoja tu, aseme neno la kibinadamu. Halafu yule aliyekuwa amekaa pembeni, mwalimu wa shule ya msingi, mtu aliyesoma, akainua uso na kumuuliza kwa upole, "Lakini mama, kwani hilo goti ni bovu kweli?"

Na wote wakainua vichwa kungoja jibu.

Mama Masanja aliwatazama. Akaondoka bila kuwajibu, akapita mbele yangu bila kuniangalia, na mimi nikasimama nikamfuata hadi kwake. Niliporudi mchana, walikuwa wakijadili kwamba kwa vile hakukanusha, basi goti ni bovu.

Timu ya Dar ilijitoa kabla dirisha halijafungwa. Ya mkoa wetu, iliyokuwa ikimwimba kila wiki, haikumwongezea mkataba; nani aongeze mkataba wa goti lililotangazwa redioni? Masanja alikwenda kwenye timu ya daraja la chini mkoa mwingine, huko viwanja ni changarawe, na goti ambalo lilikuwa likivimba tu likaisha kabisa. Goti lile, alivyokuja kutuambia daktari wa hospitali ya rufaa, lingetibika vizuri kama angepumzishwa na kuangaliwa na madaktari wa timu kubwa. Sasa ilikuwa ni upasuaji.

Na nani aliyepita na bakuli la mchango wa upasuaji? Mwenyekiti. Alipita nyumba kwa nyumba, akapita kiwandani, akaandika kwenye kundi la simu la tawi, akatoa yeye mwenyewe kuliko yeyote. Siku ya kukabidhi walimweka Masanja kwenye kile kiti cha plastiki, mguu umenyooshwa, wakapiga picha. Mwenyekiti akazungumza kwa uchungu juu ya ukatili wa mpira wa nchi hii, jinsi viongozi wanavyowatumia vijana na kuwatupa. Machozi yalimtoka, ya kweli. Watu walimsifu. Masanja alipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante sana, Mwenyekiti," kwa sababu alikuwa na maumivu na hakuwa na pa kwenda. Mama yake hakuja. Nilikuwa nimesimama kwenye baraza yangu, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Toka siku hiyo sikumsalimia zaidi ya shikamoo. Aliitikia marahaba kama kawaida na kunigawia senene kama kawaida. Nilipokea nikawapa kuku. Sidhani kama aliona tofauti yoyote.

Masanja leo anachomelea mageti na madirisha ya vyuma, jirani na viwanda. Anafanya kazi nzuri, ameoa, ana mtoto. Akipanda ngazi hutanguliza mguu wa kulia, akauvuta mwingine. Anazunguka barabara ya nyuma ili asipite kwenye mashine. Gauni la mikono mipana mama yake hakuja kulichukua, na mimi sikumpelekea, nikaliuza kwa mtu mwingine.

Mwenyekiti alistaafu, mke wake akafa, akaanza kusahau njia ya kurudi nyumbani. Binti yake akaja kumchukua, akaenda naye Sengerema anakoishi. Benchi likapata mwenyekiti mwingine, kijana mwenye simu kubwa, ambaye ni mbaya zaidi kwa sababu hata wagonjwa haendi kuwaona.

Mwaka huu nilivuka ziwa kwa kivuko kwenda Kamanga, hukohuko Sengerema, kupeleka sare kwenye shule moja iliyonipa kazi. Nilipomaliza, mwenyeji wangu akaniambia yule mzee wenu wa Nyakato yuko nyumba ya tatu kutoka hapa, amekuwa mtu wa kukaa tu. Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu ni aibu kufika mlangoni kwa mgonjwa ukarudi.

Nilimkuta kwenye mkeka kivulini, amekonda, binti yake amekaa karibu akimenya viazi. Nilimwamkia. Alinitazama, kisha uso ukafunguka. "Marahaba, Fundi. Umekuja na mvua?" Hakukuwa na mvua. Lakini alinijua, na akaanza mara moja kuniuliza habari za usajili. Binti akanionya kwa macho kwamba nisishangae. Jina la mjukuu wake halikumbuki, binti akasema, anamwita jina jipya kila siku. Ila wachezaji anawakumbuka. Na kweli alianza kuwataja, nani alikwenda wapi, kwa mkataba wa miaka mingapi, nani alipigwa chenga na wakala wake. Kisha akanishika mkono. Gumba lake likawa linabonyeza nyama ya kiganja changu.

"Fundi, yule kijana wetu. Masanja. Yule mtoto nilimpenda kuliko hata wangu hawa. Unakumbuka ile krosi yake?" Akaieleza krosi yote, alivyomvuta beki, alivyosimama, alivyopiga kwa nje ya mguu. Machozi yakamjaa. "Walimharibia yule mtoto. Nani alimharibia, Fundi?"

Nilimtazama binti. Alikuwa ameacha kumenya.

"Ni wewe, Mwenyekiti," nikamwambia. "Ulilitangaza goti lake redioni."

Sikuona hofu usoni mwake, wala haya. Alikuwa kama mtu anayesikiliza tetesi na kuipima kama ina ukweli.

"Hapana," akasema mwishowe. "Mimi nilikuwa shabiki tu. Shabiki anamfanya nini mchezaji?"

Binti akasema taratibu, bila kuniangalia, "Kila mtu wa Nyakato akija, anamuuliza hivyo. Wengine wote humwambia ni viongozi, basi anaridhika." Akaokota kisu. "Mimi nilikuwa najua. Mama alinisimulia."

Akasimama, akaenda jikoni, akatuletea chakula: ugali na sato wa kuchemsha, na maji ya kunawa. Mwenyekiti alisisitiza mgeni anawe kwanza. Akainamisha kichwa, akaomba ile sala yake fupi, nzuri, hakukosea hata neno, akakitaja na kivuko nitakachorudi nacho. Mimi nilimega tonge moja, nikalirudisha kwenye sahani. Yeye alivuta kichwa cha samaki upande wake, akakivunja kwa vidole, akanyonya mfupa mmoja baada ya mwingine na kuitema mifupa ukingoni mwa mkeka, karibu na goti langu. Alipomaliza aliomba aongezewe, na binti yake akamwongezea.